Vifaa vipya vikigombana na vya zamani, kinachozimwa ni ulinzi. Nimechoka!

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiunganishe uzi huu na zile nyuzi za "ruta gani nzuri", hapa naongelea kitu kingine kabisa.

Mimi ni mtu wa mtandao, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye kampuni ya usambazaji yenye makao makuu Dar na matawi mikoani. Sitaji jina la kampuni wala la mzabuni. Ninachotaka kusema nimekiona kwenye ofisi tatu nilizopita, na najua wengi wenu mmekiona: tunanunua teknolojia mpya ya mamilioni ili tuwe salama zaidi, halafu siku ya kuwasha inagoma kuelewana na vitu tulivyonavyo, na ili kazi iendelee tunazima kilekile tulichokilipia.

Mwezi wa tatu mzabuni alikuja kuonyesha mzigo wake kwa mabosi. Swichi, Wi-Fi mpya, boksi la SD-WAN la kuunganisha matawi. Alikuja na laptopu zake mbili, seva yake na simu yake. Vyote vimezaliwa juzi, vingi vya kiwanda kimoja. Vikaunganika kwa sekunde chache, mabosi wakafurahi. Nikaomba kitu kimoja tu: nishuke stoo nichukue skana moja ya kusomea mizigo na printa moja ya ankara, tujaribu navyo hapohapo. Nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya hatua ya utekelezaji. Kwenye kikao kilichofuata nikaambiwa watu wa IT ndio wanaochelewesha miradi.

Haya, tukawasha Jumamosi usiku. Skana 38 za stoo, hakuna hata moja iliyoingia.

Sababu ilikuwa wazi kabla hata hatujaanza. Wi-Fi mpya iliwekwa WPA3, kiwango kipya cha usalama wa Wi-Fi, ambayo inalazimisha ulinzi wa fremu za usimamizi, yaani ujumbe wa kuingiza na kutoa vifaa kwenye mtandao. Ulinzi huo ndio unaozuia mtu aliyeegesha gari nje ya geti asirushe ujumbe wa uongo wa kuziambia skana zote zitoke kwenye mtandao. Kiwango chake, 802.11w, kilipitishwa mwaka 2009, lakini skana zetu za zamani hazikijui. Tukaweka hali ya mchanganyiko, ya WPA2 na WPA3 pamoja. Baadhi zikaingia, nyingine zikawa zinaingia na kutoka kila dakika mbili. Saa nane usiku injinia wa mzabuni akaniambia, "Kaka, tuizime tu kwa muda, Jumatatu tunairudisha." Akarudisha WPA2 tupu, ulinzi wa fremu ukazimwa. Na hakuzima kwa skana peke yake, alizima kwa jengo zima, pamoja na laptopu za wahasibu ambazo WPA3 zinaiweza vizuri kabisa.

Dawa ilikuwepo na haina gharama. Skana zipewe jina lao la Wi-Fi na VLAN yao (kipande cha mtandao kilichotengwa), iruhusiwe kuongea na seva ya stoo tu, zisione kitu kingine chochote. Wengine wote wabaki WPA3. Ni kazi ya siku moja ya majaribio ukiwa na skana moja mkononi. Siku hiyo moja niliiomba mwezi wa tatu nikanyimwa.

Jumatatu nyingi zimepita tangu usiku ule. Bado imezimwa.

Printa nazo ni hivyohivyo. Hazina akili ya kuingia kwa cheti cha kidijitali, kwa hiyo swichi inazitambua kwa anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) na kuiuliza seva ya RADIUS, inayoamua nani aingie, kama ziruhusiwe. Sasa wakuu, mnakumbuka Julai 2024 ulivyotangazwa udhaifu wa Blast-RADIUS (CVE-2024-3596). Watafiti walionyesha kwamba mtu akikaa katikati ya swichi na seva anaweza kuchukua jibu la "kataa" akaligeuza "ruhusu", bila kujua nywila ya mtu wala siri ya pamoja ya swichi na seva. RADIUS ilibuniwa mwaka 1991 na inategemea MD5, hesabu ya kutengeneza alama ya uthibitisho (hashi), ambayo tangu 2004 dunia nzima inajua imevunjika. Wanaoingia kwa EAP (kwa cheti au nywila) hawaguswi na shambulio hili, kwa sababu EAP inalazimisha sifa ya Message-Authenticator, muhuri wa kuonyesha ujumbe haujachezewa, kwenye kila ujumbe. Wanaoingia kwa MAC kama printa zetu wako wazi.

Marekebisho ni kuilazimisha seva ikatae ujumbe wowote usio na sifa hiyo. Nililazimisha. Swichi mpya zikaendelea vizuri, ila swichi za zamani za ghorofa ya pili, ambazo mzabuni aliandika kwenye nyaraka zake kwamba "zinaoana kikamilifu", hazitumi sifa hiyo. Ghorofa nzima ikakosa printa. Simu zikaanza kuingia. Dakika ishirini baadaye nikapewa amri ya kurudisha kama ilivyokuwa. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu ni mkono wangu mwenyewe ndio ulioondoa ile alama ya tiki.

Tawi la Mwanza ndilo linaloniuma zaidi.

Kule kuna ruta ya zamani na laini ya 4G isiyo na anwani ya kudumu. Ili kufungua njia iliyosimbwa (VPN) kati ya Dar na Mwanza, boksi jipya la Dar linataka IKEv2, toleo jipya la namna pande mbili zinavyokubaliana funguo. Ruta ya Mwanza imeandikwa kwenye kipeperushi chake kwamba inasapoti IPsec, teknolojia ya kusimba njia hiyo, na ni kweli inasapoti, ila ni ile ya kizamani. Mlioingia kwenye mradi bila kujua, shikeni hili: neno "IPsec" kwenye karatasi halikwambii kitu. Uliza ni IKE ya ngapi, usimbaji gani, kundi gani la Diffie-Hellman (ukubwa wa namba za kutengenezea funguo), funguo zinadumu kwa saa ngapi, na upande gani unaanza kupiga hodi. Kimoja kikipishana, njia haisimami, au inasimama halafu inakufa kila baada ya saa nane na hakuna anayejua kwa nini.

Walichofanya ni kushusha vyote mpaka vikakutana chini: IKEv1, tena ile hali ya "aggressive" inayotoa hashi ya siri ya pamoja mtandaoni bila kuifunika, usimbaji wa zamani wa 3DES, MD5, kundi la 2 la Diffie-Hellman. IKEv1 ilitangazwa rasmi kuwa imepitwa na wakati kwenye RFC 9395 (waraka wa viwango vya intaneti), Aprili 2023. Kundi la 2 ni la biti 1024, na tangu utafiti wa Logjam mwaka 2015 tunajua ukubwa huo uko ndani ya uwezo wa mataifa makubwa kuuvunja. Tumenunua boksi la 2024 tukalifanya liishi kama la 2002.

Na hata hapo haikufanya kazi! Njia ikasimama, ping (pakiti ndogo ya kujaribu njia) ikapita, injinia akapiga picha ya skrini akaituma kwenye grupu la mradi na kuondoka. Saa mbili asubuhi dada wa kaunta Mwanza akanipigia. "Kaka, naingia vizuri, ila nikifungua orodha ya bidhaa skrini inaganda. Wateja wako kumi hapa wananitazama." Nikamwambia afungue dirisha jeusi la amri nimsomee herufi moja moja: ping -f -l 1472, halafu anwani ya seva, yaani pakiti ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kukatwa. Haikupita. Tukashusha kidogo kidogo, yeye anaandika huku anawaomba wateja radhi. Kwenye 1410 ikapita.

Kumbe pakiti ndogo zilikuwa zinapita na kubwa zinafia njiani, kwa sababu IPsec inaongeza vichwa vyake na pakiti ya baiti 1500 haitoshi tena. Kwa kawaida seva huambiwa "punguza" kwa ujumbe wa ICMP, ule wa vifaa kuarifiana matatizo ya njia. Lakini faiawoli ya ndani ilikuwa imezuia ICMP yote, mtu aliona kwenye orodha fulani kwamba ICMP ni hatari. Nikashusha MSS (kikomo cha data kwenye kila pakiti) hadi 1360, skrini ikafunguka. Dada wa watu alikuwa amesimama pale na foleni kwa saa nzima na nusu. Jaribio la kuhamisha faili moja kubwa kwenye njia hiyo, kabla ya kukabidhi, lingeonyesha hilo kwa dakika tatu.

Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa majaribio ni anasa ya wenye hela. Wenzetu walijua hili zamani sana. Mwaka 1988 kule California, Marekani, kwenye maonyesho ya Interop, wazalishaji walitakiwa kuunganisha vifaa vyao kwenye mtandao mmoja, mbele ya wateja. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha New Hampshire kikaanzisha maabara ya kupimia kama vifaa vya makampuni tofauti vinaelewana, na mpaka leo ipo. Mshindani anakaa karibu na mshindani, anayekosea anaonekana.

Maabara yangu mimi ni kompyuta mbili za zamani chini ya meza. Programu za majaribio ni FreeRADIUS, strongSwan, Wireshark, GNS3, zote bure. Ninachokosa ni wiki mbili na ruhusa ya kugusa kifaa cha mzabuni kabla hela haijatoka.

Mlio kwenye kamati za zabuni, nawaomba kwa dhati: andikeni kwenye nyaraka kwamba mzabuni atajaribu kwa vifaa vyetu, kwenye jengo letu, ulinzi wote ukiwa umewashwa, na kila kitakachozimwa kiandikwe na tarehe ya kurudishwa na jina la aliyeidhinisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai tulinde taarifa za wateja. Siku zikivuja, sitaki kusikia neno "kwa muda".

Fomu ya makabidhiano iko mezani kwangu tangu Ijumaa. Inasema mfumo umejaribiwa na unafanya kazi kwa viwango vilivyokubaliwa, na chini kuna nafasi ya jina langu. Bosi ameniuliza mara mbili, mzabuni amenipigia mara nne leo. Nimeambatisha ukurasa mmoja wenye vitu vyote vilivyozimwa na mahali vilipozimwa. Mpaka nao usainiwe na aliyetoa amri, mimi sisaini.