Mada: Nina Fiktion, mpakani nimepigwa picha. Nimeingizwa EES?

Neema, Leipzig:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku. Nimerudi juzi kutoka Dar, msibani kwa baba mdogo. eAT yangu (kadi ya ukaaji ya Ujerumani) imeisha muda na mpya haijatoka, kwa hiyo nilisafiri na Fiktion, ile karatasi ya muda ya ofisi ya wageni unaposubiri kibali, pamoja na kadi ya zamani. Uwanjani askari akaigeuzageuza ile karatasi, akanisimamisha mbele ya kamera, nikapigwa picha ya uso. Vidole hakuchukua, muhuri hakugonga. Nilipouliza akasema siku hizi kila kitu kimo kwenye mfumo. Je, nimeandikwa EES, ule mfumo wa Ulaya wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka, kama mgeni wa siku 90? Zikiisha, mashine itasema nimezidisha muda? Ofisi ya wageni ya hapa simu hawapokei. Aliyepitia hili aniambie linafutwa wapi, maana usingizi sipati.

Mwakio, Köln:
Pole kwa msiba, dada. EES haituhusu wenye vibali vya ukaaji. Ni ya wanaokuja kwa muda mfupi, siku 90 ndani ya 180. Ilianza 12 Oktoba 2025 kwa awamu, na ratiba ilikuwa ienee mipaka yote ya nje ya Schengen ifikapo 10 Aprili 2026. Mimi nimepita na eAT yangu, hakuna aliyenipiga picha. Lala usingizi.

Mama Rehani, Hamburg:
Mwakio, soma kwanza ndipo ujibu. Kasema ana Fiktion, wewe unamsimulia eAT yako! Neema mwanangu, fungua ukurasa wa 3 utazame kisanduku cha tatu. Kikiwa na alama ni §81 Abs. 4 (kifungu cha 81, aya ya 4, cha sheria ya ukaaji ya Ujerumani), kibali cha zamani kinahesabiwa kuwa kinaendelea, unatoka na kurudi. Abs. 3 ni balaa, ukitoka nayo hurudi bila viza mpya. Baba Rehani alikuwa na hiyo ya Abs. 4, halali kabisa, na bado alizuiwa kaunta Nairobi kwa kuwa kijana wa shirika la ndege hajawahi kuiona karatasi ya namna ile. Ndege ikaondoka, yeye kabaki na mabegi yake.

Shafii, Rotterdam:
Kutochukuliwa vidole kusimtulize mtu. Sisi wa pasi zinazodai viza, vidole vyetu kumi vimo VIS, hifadhidata ya viza ya Ulaya, tangu tulipoomba viza, kwa hiyo EES inatuchukua uso tu. Vidole vinne pale mpakani wanatoa wale wasiohitaji viza. Sisemi umesajiliwa, nasema picha peke yake haithibitishi lolote. Ila ukiwa umesajiliwa, fuatilia: kumbukumbu hukaa miaka 3 baada ya kutoka, na mfumo usipoona umetoka, miaka 5. Wewe unaishi huku, utatoka lini? Muhuri wenye kosa ungemwonyesha askari pale pale. Hii imelala kwenye mitambo ya eu-LISA, shirika la Ulaya linaloendesha mifumo hii, kule Strasbourg na wewe huioni.

Mwakio, Köln:
Sawa mama, nimesikia. Lakini hapo kwenye kutoiona ndipo panaponiuma. Nyanya yangu alikuwa akivuka Taveta kwenda soko la Holili na kurudi jioni, askari wa pande zote mbili wanamjua kwa jina na kwa ukoo. Na kwetu nako wameanza. Huduma Namba, ule usajili wa kitambulisho cha kidijitali Kenya, ilikusanya vidole vya watu kwanza, Oktoba 2021 ndipo Mahakama Kuu ikasema athari kwa faragha zilipaswa kupimwa kabla.

Mzee Kombo, Berlin:
Vijana, hayo ni madogo. Kati ya 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa kama euro milioni 4.5 kwa iBorderCtrl, ikajaribiwa Hungaria, Ugiriki na Latvia: msafiri anahojiwa na sura ya kompyuta, kamera inamsoma uso kujua kama anasema uongo. Mtu katoka safari ndefu, ana hofu, hajalala, uso wake utasema nini? Na kambi za wakimbizi visiwani Ugiriki, Samos ikiwemo, wamefungiwa kamera na mfumo wa ufuatiliaji uitwao Centaur. Aprili 2024 mamlaka ya data ya huko huko Ugiriki iliitoza wizara ya uhamiaji faini ya euro 175,000 kwa ajili ya mambo hayo. Wanaojaribiwa ni wasio na wakili. Hili tulipigie kelele.

Mama Rehani, Hamburg:
Mzee Kombo shikamoo, kweli tupu, lakini mtoto kauliza swali lake na jibu hajapata.

Neema, Leipzig:
Asanteni. Kisanduku cha tatu kina alama, namshukuru Mungu. Ila kama nimeandikwa au sikuandikwa, bado sijui.

Shafii, Rotterdam:
Andika barua kwa mamlaka ya mpaka ya nchi uliyoingilia, uombe kuona taarifa zako za EES na zisahihishwe kama zina kosa. Sheria ni ya Umoja wa Ulaya, namba 2017/2226, kifungu cha 52, wanatakiwa kujibu ndani ya siku 45. Ambatanisha pasi, kadi ya zamani, na Fiktion kurasa zote. Usiandikie ofisi ya wageni, mfumo si wao.

Mama Rehani, Hamburg:
Si wao, lakini kibali ni chao! Neema, nakala iwafikie na wao, kwa posta ya rejista.

Mwakio, Köln:
Na anayesafiri Desemba na Fiktion kupitia Istanbul? Kaka yangu kashakata tiketi.