Mlituuzia gari la maji Gibb River Road, mkatuacha porini na chupa tupu

Wakuu, nimesubiri hasira zipungue ndipo niandike, lakini hazipungui.

Sisi ni Watanzania na Wakenya tunaoishi Perth, Australia, wikiendi tunaendesha baiskeli pamoja. Tukailipa kampuni moja safari ya kundi ya baiskeli kwenye Gibb River Road, eneo la Kimberley, kilomita 660 hivi kutoka upande wa Derby hadi karibu na Kununurra. Zaidi ya dola elfu tatu kila kichwa. Mkataba unasema wazi: gari la huduma litakuwa nyuma ya mtu wa mwisho muda wote, likiwa na maji, fundi, vipuri na simu ya satelaiti.

Kwa asiyeijua, barabara ile ilichongwa kwa ajili ya malori ya ng'ombe, na sehemu kubwa bado ni vumbi jekundu na mawe. Imejikunja kama bati la paa. Unatikiswa mpaka mikono inakufa ganzi na keria zinakatika. Mtandao hakuna. Ukishatoka duka la Mount Barnett, mpaka shamba la Ellenbrae ni kama kilomita 170, na katikati huna pa kununua hata chupa moja ya maji.

Kipande hicho hicho ndicho gari lilipotangulia! Mwishoni mwa Septemba, joto linakaribia 40, kiongozi anamwambia dereva awahi kambini akasimamishe mahema na kuinjika chakula.

Saa nane mchana dada mmoja wa Mombasa, anayetuzidi wengi kwa kasi, akaacha kutoka jasho. Ngozi kavu, midomo imepauka, anaongea vitu visivyoeleweka. Tukamlaza kwenye kivuli cha shina la mbuyu (kule nako ipo, ila kiangazi haina majani) tukammwagia shingoni maji ya mwisho tuliyokuwa nayo. Mgonjwa mahututi wa maporini kule hufuatwa na madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service, wapo tangu 1928. Tuwaite kwa kutumia nini? Simu ya satelaiti ilikuwa kambini, ndani ya gari.

Waliomwokoa ni mzee na mkewe, watalii waliokuwa wakipita. Wakashusha dumu la lita 20, wakamwingiza kwenye gari lao lenye kiyoyozi. Mungu awape maisha marefu.

Jioni kiongozi anatujibu, "Huku ni porini, mlijua mnakuja wapi." Ndugu yangu, pori halilipiwi. Tulicholipia ni lile gari!

Hajatosheka. Tulipofika mto Pentecost akatutaka tuvuke kwa miguu, baiskeli begani, ili gari lisirudie mara mbili. Bango la kuonya mamba limesimama pale pale, na ni wale wa maji chumvi wanaofika mita 6. Mimi kwetu ni Utete, Rufiji. Nimehudhuria misiba ya watu waliochukuliwa na mamba wakichota maji. Nikakataa, wenzangu wote wakakataa, tukakaa mbali na ukingo mpaka akakubali kutuvusha kwa gari.

Tumeiandikia kampuni barua pepe. Jibu lao ni kwamba tulisaini fomu ya kukubali hatari. Hatari za njia, ndiyo. Kuondolewa maji hatukusaini popote.

Malalamiko yako kwenye idara ya jimbo inayolinda wateja, kwa hiyo jina lao siliweki hapa kwa sasa. Tunataka nusu ya pesa zetu, gharama za matibabu ya huyu dada, na lile tangazo lenye picha ya gari liondolewe, maana bado wanaliuzia safari ya mwakani.

Kama kuna mdau ameshaweka kianzio kwa safari ya Gibb, anicheki PM kabla hajamalizia malipo. Nitamtumia mkataba wetu. Kipengele cha gari kipo ukurasa wa pili, alinganishe na wake.