Mjadala: Spiriferina, kisukuku cha brakiopodi (mnyama wa baharini mwenye gamba la vipande viwili), ni ya oda ya Spiriferida au ina oda yake?

Msasa: Treatise (kitabu cha rejea cha uainishaji wa visukuku) ya 1965 iliiweka Spiriferina ndani ya Spiriferida. Ile ya 2006 ikaipa oda, Spiriferinida, na alama inayotajwa kwanza ni vitundu vinavyopenya ukuta wa gamba. Sikubali. Misokoto ya chokaa iliyobeba lofofora (kiungo cha kuchujia chakula) inaelekea pembeni, sawa na ya Spirifer, jenasi ya Spiriferida. Vitundu tu vinatosha oda nzima?

Gamba2: Si vitundu tu, mkuu. Fungua vali ya tumboni (mojawapo ya vipande viwili vya gamba): katikati ya bamba za meno, zinazoshikilia meno ya bawaba, umesimama ukuta mrefu, mwembamba kama wembe. Spirifer hana. Tena karibu Spiriferida wote waliishia kipindi cha Permiani, Spiriferina tunaiokota kwenye miamba ya Jurasiki, ya baadaye. Tatizo ni watu wanaoainisha kwa kutazama picha za nje.

Mwambatope: Vitundu wanavyo brakiopodi wengine pia: Terebratulida wanavyo, akina Dalmanella wanavyo, na Retzia anavyo lakini yuko oda ya Athyridida. Vimezuka zaidi ya mara moja. Jibuni hilo kwanza.

Msasa: Gamba2, nani katazama picha? Ukuta wa kati nimeuona kwenye mikato, na urefu wake unabadilika kadiri unavyosaga gamba kidogo kidogo kutoka mdomoni (ncha ya nyuma ya gamba) kwenda mbele. Usinifundishe kusaga.

Gamba2: Basi sema unasaga vipi. Ukiruka milimita 1 kwa kila mkato, umepita bamba za meno bila kuziona.

Msasa: Milimita 0.2 karibu na mdomo, 0.5 mbele. Nang'arisha, naweka asidi ya hidrokloriki asilimia 10 kwa nusu dakika, asetoni, halafu karatasi ya asetati inayonakili uso wa mkato.

Lenzi10: Nusu dakika kwa asilimia 10?! Hapo unakula kalisaiti (madini ya gamba) yenyewe, na mashimo ya asidi utayahesabu kuwa vitundu. Asilimia 5, sekunde 10, suuza, kausha kabisa. Mwaga asetoni, laza karatasi kuanzia ukingo mmoja ili hewa itoke, usiibandue kabla haijakauka. Ukiharakisha inajikunja na kuacha mapovu.

Msasa: Lenzi10, kitundu cha kweli kinavuka nyuzi za gamba, na nyuzi zinapinda kukizunguka. Shimo la asidi halifanyi hivyo. Natofautisha vizuri.

Lenzi10: Kwenye kalisaiti isiyobadilika, sawa. Gamba likishageuka silika, nyuzi zimefutika na vitundu mara nyingi vimeziba. Unaandika "hakuna vitundu", sampuli inahamishiwa Spiriferida kimakosa. Chipukizi za juu ya gamba nazo zikivunjika zinaacha alama za duara zinazodanganya. Mkato lazima ukate ukuta wima.

Mwambatope: Na Retzia?

Gamba2: Retzia baadaye. Msasa, sampuli zako ni za silika au kalisaiti?

Msasa: Kalisaiti. Na Cyrtina, brakiopodi wa Devoniani (kabla ya Permiani) mwenye vitundu, mnamweka wapi?

Lenzi10: Spiriferinida. Ila mkate kwanza, asilimia 5.