Maji ya chumvi, watu watano: mashuka na vyandarua mnafua kila baada ya muda gani?

MamaNasra, Kigamboni
Habari za jioni wapendwa. Tuko watano, maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Maji baridi, yasiyo na chumvi, tunanunua kwa madumu. Mashati meupe ya shule nafua kila jioni maana kila mtoto anayo mawili tu, hayo nimeshayazoea. Shida ni mashuka. Mama mkwe anasema kila siku nne, jirani anasema wiki mbili. Na vyandarua vya dawa tulivyopewa kliniki vimekuwa kijivu kwa vumbi, naogopa kuvifua dawa isije ikatoka. Nyumbani kwenu mnafanyaje?

Bi Mwanaisha wa Tanga
Mwanangu, wote wawili wamesema kweli. Mama mkwe kasema la kaskazi, jirani kasema la kusi. Januari na Februari mtu analala anatiririka jasho, shuka siku nne tu limeshanuka, hapo fua. Julai usiku kuna ubaridi, hata siku kumi na mbili halina neno, ila foronya zitangulie, zina mafuta ya kichwa na udenda wa watoto. Kabla hujafua, nusa upande wa kichwani. Mimi hufuata pua kuliko kalenda.

Halafu hayo mashati. Sabuni ya mche kwenye maji ya kisima chenu haitoi povu, inaacha utando unaong'ang'ania kola, ndipo weupe unapogeuka umanjano. Tumia ya unga, na maji baridi yaweke ya kusuuzia mara ya mwisho. Ndoo moja inatosha mashati yote. Masika ikianza, kinga maji ya mvua ya bati.

Kaka_Afya
Dada, vyandarua fua, usiogope, lakini isizidi mara moja kwa miezi mitatu. Vingi vimetengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 hivi. Hapo tumia maji baridi na sabuni ya mche. Usiloweke, usitie jiki, usisugue kwa nguvu. Anika kivulini, jua linaiharibu dawa. Maji uliyofulia mwaga kwenye shimo mbali na kisima, yasifike mtoni wala baharini, yanaua samaki.

Mwana_Likoni
Taulo mnazisahau! Kwetu kila mtu ana lake, linatundikwa nje akitoka kuoga, kila Ijumaa linafuliwa. Likikunjwa bichi, harufu yake hata sabuni haiiondoi.

MamaNasra, Kigamboni
Shikamoo Bi Mwanaisha, asanteni nyote. Kwa hiyo mashuka nayo nianike kivulini?

Bi Mwanaisha wa Tanga
Marahaba mwanangu. La, mashuka yapigwe jua la saa nne mpaka yakauke kabisa. Kivuli ni cha chandarua, na kanga zako za rangi kali.