Mafunzo ya bodaboda Arusha na Moshi: tuombe asilimia 10, VETA, LATRA au tozo ya mafuta?

KoniNaChokaa (mleta mada)

Wakuu, kila mwaka inaibuka hoja kwamba serikali igharamie mafunzo ya usalama kwa bodaboda. Wote tunakubali, kisha hakuna anayesema fedha zitoke fungu gani. Naweka milango minne mezani, tuilinganishe.

1. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba, lakini ni mkopo.

2. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL anayolipa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10. Ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

3. Ada ya leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini: kila anayelipia pikipiki ya abiria, kiasi kidogo kitengwe kwa mafunzo.

4. Tozo ya mafuta. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa 2017 ikahamia kwenye lita, na 2021 ikaongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anajaza kila siku, kwa hiyo anachangia kila siku.

Faini sijaiweka kwa makusudi. Ilishushwa kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa pikipiki na bajaji mwaka 2021, na kusomesha watu kwa fedha ya faini kunamfanya trafiki awe mkusanya ada ya shule.

Mhasibu wa Kata

Mlango wa kwanza unasifiwa sana na wasiousoma. Fedha ile ni ya kikundi chenye mradi wa kuingiza kipato, na inarejeshwa. Ukiandika andiko lenye mstari mmoja tu wa "mafunzo ya usalama", Afisa Maendeleo ya Jamii atakuuliza marejesho yatatoka wapi, na ana haki ya kuuliza.

Inawezekana kwa njia moja: mafunzo yawe ndani ya andiko la kununua pikipiki. Kikundi kinaomba pikipiki 5, na kwenye gharama za kuanzia kuna bima, leseni ya LATRA, kofia ngumu mbili kwa kila chombo (ya dereva na ya abiria) na siku mbili za mafunzo. Hapo mafunzo yanabebwa na hesabu ya kila siku (fedha ambayo dereva hukabidhi kwa siku) kama gharama nyingine. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti yake ya benki, maombi yapite kata kwanza.

Kikwazo cha Arusha ni mipaka. Kijana analala Ngaramtoni, ambayo ni Halmashauri ya Wilaya, kijiwe chake kiko Kilombero, ndani ya Jiji. Wa Tengeru na Usa River wako Meru. Moshi nako ni vilevile: anayelala Uru au Kibosho na kufanyia kazi mjini yuko kati ya Wilaya na Manispaa. Kikundi cha kijiwe kimoja kinaweza kuwa na wakazi wa halmashauri mbili, na maombi yanakwama palepale kwenye barua za utambulisho.

Dada Breki

Naunga mkono namba 2, kwa masharti. Programu ya kukuza ujuzi ina sehemu ya kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunza kazi mtaani anapimwa, anaongezewa pale palipopungua, anapewa cheti. Kimsingi bodaboda ndiye mtu wa namna hiyo. Ana miaka sita barabarani, hahitaji kufundishwa klachi iko wapi. Anahitaji kuvunjwa tabia tatu au nne mbaya.

Shida ni kwamba kozi hupangwa kwa saa za ofisi. Kumwambia dereva wa mkataba aende darasani wiki mbili mfululizo ni kumwambia abaki na deni la bosi la wiki mbili. Hapo ada hata ikiwa sifuri, haji.

KoniNaChokaa

Umegusa penyewe. Pesa inayokwamisha si ada, ni siku. Nimepiga hesabu ya kundi la watu 12 na wakufunzi 2, siku mbili, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, muda ambao vijiwe vingi vimepoa. Bei ni za makadirio, kila mtu abadilishe kwa zake:

Wakufunzi 2 x Sh40,000 x siku 2 = 160,000
Petroli lita 1.5 kwa kila pikipiki, lita 18 x 3,000 = 54,000
Maji na chakula 3,000 x 12 x 2 = 72,000
Fidia ya nusu hesabu 5,000 x 12 x 2 = 120,000
Brek shuu seti 12 x 6,000 = 72,000
Vifaa vya huduma ya kwanza = 15,000
Koni na chokaa, mgao wa kundi = 10,000

Jumla 503,000, yaani kama 42,000 kwa kichwa.

Sasa linganisha na semina tuliyoizoea. Watu 200 ukumbini: tisheti 12,000, posho 10,000, chakula 5,000, jumla 27,000 kwa kila mtu, hiyo ni 5,400,000. Ongeza ukumbi na spika 600,000, umefika milioni 6, na hakuna aliyekamata breki. Milioni 6 hiyohiyo inatoa makundi 11, watu 132, kila mmoja na mafunzo ya jumla ya saa nane akiwa na pikipiki yake.

Mzee wa Kiboriloni

Kijana, brek shuu zinaingiaje kwenye bajeti ya mafunzo? Mkaguzi atasema umetengenezea watu vyombo vyao.

Fundi Pasua

Shikamoo mzee. Zinaingia kwa sababu bila hizo zoezi la kwanza halifanyiki. Pikipiki nyingi za kijiweni zina breki za dramu mbele na nyuma. Ya mbele utakuta waya umelegezwa makusudi, kwa sababu mwenyewe anaamini breki ya mbele inapindua. Shuu za mbele zina vumbi na kutu, za nyuma zimeisha mpaka chuma. Ukimwambia huyo afunge breki mbili kwa kilomita 40 kwa saa, unampeleka chini.

Kabla ya koni ya kwanza tenga dakika 40 za ukaguzi. Upepo wa tairi, kwa hizi za 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma: mbele kama psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Asubuhi, tairi likiwa la baridi. Cheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati. Pedali ya breki ishuke sentimita 2 hadi 3 ndipo ishike. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu, wengi inawaka kwa mguu tu. Saiti mira ziwepo zote mbili. Hizo zilizotolewa eti zinagonga magari kwenye foleni ya Kwa Mrefu zirudishwe.

Kwenye vocha andika "vifaa vya mazoezi". Na si ujanja, ndivyo vilivyo.

Mwanasheria wa Njiro

Kwenye hilo la vifaa, Marekani wameliandika kabisa. Fedha za serikali kuu wanazozipa majimbo kwa usalama wa pikipiki zina orodha ya matumizi: kuboresha mtaala, kutoa mafunzo, kupata wakufunzi, kununua au kutengeneza pikipiki za mazoezi, kukodi uwanja, na kampeni za kuwakumbusha madereva wa magari. Halmashauri ikiandika orodha ya namna hiyo kwenye kasma (fungu la bajeti), mkaguzi hana ugomvi.

Kuhusu namba 3, majimbo kadhaa kule yanafanya hivyohivyo. California wanatoza dola 2 kwenye usajili wa kila pikipiki. Pennsylvania sehemu ya ada za leseni inaingia kwenye akaunti ya mafunzo, na mkazi mwenye leseni ya pikipiki au ya kujifunzia anasoma bure tangu miaka ya 1980.

Ila msome na kisa cha Illinois. Walikuwa na mfuko wao maalumu wa mafunzo unaotokana na ada za waendesha pikipiki. Serikali ya jimbo ilipoishiwa ikahamisha fedha kwenda mfuko mkuu. Chama cha waendesha pikipiki kikashtaki, na 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema zile ni fedha za umma, bunge la jimbo lina mamlaka ya kuzihamisha. Kwa hiyo neno "zimetengwa" peke yake halilindi kitu. Kwetu, tozo inayokusanywa kitaifa ikishaingia Mfuko Mkuu, kuirudisha Sombetini au Majengo ni safari ndefu.

Mhasibu wa Kata

Namba 4 nayo inaanguka. Fedha ya barabara ina kazi yake kisheria, hasa matengenezo ya barabara. Mpaka ubadilishe sheria, masika mawili yamepita.

Na LATRA kuna tundu jingine: anayelipa ni yule aliyekwisha kuwa na leseni, bima na kadi safi. Yule wa pembeni, asiye na leseni, anayebeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) usiku, halipi na hataitwa. Utakuwa unawafundisha walio nafuu.

Dada Breki

Hapo sikubali yote. Walio nafuu nao wanasimamia breki ya nyuma peke yake. Angalia namba, lami kavu, muda wa kushtuka sekunde 1.5:

Kilomita 40 kwa saa: unasafiri karibu mita 17 kabla hata hujagusa breki. Ukitumia breki zote mbili unaongeza mita 12. Ya nyuma tu, mita 20.

Kilomita 60: mita 25 za kushtuka, halafu 28 kwa breki zote mbili, au 46 kwa ya nyuma tu.

Tofauti ya mita 18 ni zaidi ya vifodi (daladala ndogo) vitatu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Hii haifundishwi kwa spika. Mtu lazima asikie mkono wake unavyobana taratibu, uzito ukihamia mbele, ndipo akaze. Akifinya kwa pupa, tairi la mbele linakwama, kweli anaanguka, na anarudi kijiweni kuthibitisha imani yake.

Kwa hiyo mpango wangu wa zoezi: anza kilomita 20, mara 6. Panda 30, mara 6. Kisha 40, mara 4. Baada ya hapo funga gunia la mchanga la kilo 60 kwenye siti ya abiria, rudia 30. Usitumie mtu. Gunia lifungwe kwa mpira mbele na nyuma, likiteleza kushoto linamwangusha dereva.

Fundi Pasua

Moshi muongeze mteremko. Wanaoshuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi wana mtindo wa kutia frii na kuzima injini ili kuokoa mafuta. Pikipiki inashuka kwa breki tupu, dramu inachemka, shuu zinapoteza kushika, na ukifika kona yenye tope la migomba umebaki na honi. Wafundishwe gia ya pili, mkono ukiwa umefunga mafuta, breki kwa vipande: bana, achia, bana.

Arusha wao shida yao ni barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, watu kuvuka katikati na boda kurudi upande usio wake. Zoezi lao liwe kukwepa: koni tatu, kilomita 30, amri ya kushoto au kulia itolewe mita 10 kabla. Kwanza kukwepa, halafu breki. Hivyo viwili visifanywe kwa pamoja.

Mzee wa Kiboriloni

Marahaba, umenielewesha. Bado nina swali la fidia. Mkitangaza Sh5,000 ya siku, mtapata majina ya watu waliokufa.

Mhasibu wa Kata

Ni kweli mzee, majina hewa ndiyo yanayoua miradi hii. Njia ninayoiona: orodha iwe na namba ya usajili wa pikipiki na namba ya leseni, siyo jina na simu tu. Fidia ya siku zote mbili ilipwe mwisho wa siku ya pili, kwa simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lilelile. Asiyerudi siku ya pili hapati hata ya kwanza. Mwenyekiti wa kijiwe anasaini, lakini asiwe yeye anayegawa. Asiye na leseni msimfukuze, aingie na ahudhurie mazoezi ya uwanjani tu, awekwe kwenye orodha ya pili ya kusaidiwa leseni ya kujifunzia.

Na fedha iombwe kwenye matumizi ya kawaida ya halmashauri, nje kabisa ya ile asilimia 10. Hoja ianzie mtaani, ipite kamati ya maendeleo ya kata, ifike wakati bajeti inaandaliwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo barua inayopelekwa Machi imekuta sufuria limeshaoshwa. Ombeni kundi moja kila mwezi, 12 x 503,000, ni Sh6,036,000 kwa mwaka. Diwani anaweza kuitetea namba hiyo. Milioni 80 hawezi.

KoniNaChokaa

Basi kwangu inakuwa hivi: halmashauri ilipe uwanja, petroli na fidia; VETA itoe wakufunzi na cheti kupitia kurasimisha ujuzi; asilimia 10 ibaki kwa wanaonunua pikipiki. LATRA na mafuta tuyaache kwanza.

Mwenye kujua uwanja wa lami au zege wa kama mita 67 kwa 37? Wamarekani wanachora kipimo hicho kwa kundi la watu 12.

Dada Breki

Maegesho ya taasisi siku ya Jumamosi yanatosha hata yakipungua, gawa kundi watu sita sita. Ingia asubuhi na ufagio, kokoto ndogo tano chini ya tairi la mbele zinaharibu zoezi zima. Chokaa inatoka mvua ikinyesha, na rangi ya mafuta hawatakuruhusu. Tumia chupa za plastiki za lita 1.5, nusu yake mchanga, uzipige rangi nyekundu. Akiigonga inalala, yeye anabaki juu.

Fundi Pasua

Na mfuniko ufungwe vizuri. Mchanga ukimwagika hapo kwenye zege ni kokoto nyingine.