Naomba ushauri: riwaya moja imewagawa wasomaji wetu

Ndugu zangu, kikundi chetu cha usomaji hapa Kirumba, Mwanza, kilisoma, huku tukitafsiriana palipokuwa pagumu, Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding, riwaya ya mwaka 1996 iliyoanzia kwenye safu ya gazeti la Uingereza, inayomhusu mwanamke asiyeolewa anayeandika kila siku uzito wake, pombe aliyokunywa na sigara alizovuta. Mimi nilicheka mpaka machozi. Dada mmoja muuza dagaa, aliyelea watoto wawili peke yake, alikifunga kitabu, akakiweka juu ya ndoo yake na kusema kwamba huyo hana shida, ana nafasi tu. Binti mmoja wa chuo akamjibu kwamba kuulizwa na kila shangazi utaolewa lini ni shida tosha, na hapo, nakiri, nilimuunga mkono kimyakimya.

Tangu siku hiyo hawaketi mkeka mmoja. Kwa kuwa zamu ya kuchagua kitabu ni yangu, je, nilete kingine cha aina hiyohiyo, pengine cha mwandishi wa kwetu, au tuyaweke kando mambo ya wachumba kwa muda? Tunakutana Jumamosi.