Tupeane uzoefu: watu wanaotuzunguka na uwezo wetu wa kujizuia

Wanajamvi, salaam. Anayeshindwa kuweka akiba huambiwa kwamba hana nidhamu, ilhali wengi wetu tunaoweka tunaweza kwa sababu wapo wenzetu wanaotutegemea. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa miaka mitano na sita nchini Ujerumani na Kenya: kila mtoto aliwekewa biskuti na kuahidiwa ya pili iwapo angesubiri bila kuila, na wale ambao malipo yao yalitegemea pia subira ya mwenzao aliyekuwa chumba kingine walivumilia zaidi ya waliosubiri kwa ajili ya nafsi zao tu.

Naanza na langu. Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Kufuli zinazuia wizi, lakini kinachonifanya niweke ni pale jina langu linapoitwa, nikanunua hisa mbele ya wote na mhuri ukagongwa kwenye kitabu changu. Fedha hiyohiyo ikibaki kwenye simu, haifiki Jumanne.

*Mchangiaji wa pili:* Kwangu ilikuwa sigara. Nyumbani niliiacha bila taabu kubwa, lakini kijiweni mwenye duka alikwisha kuzoea kunitolea mbili kabla sijafungua kinywa, na zikishawekwa mezani mkono huenda wenyewe. Kuwaaga rafiki zangu hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kumwomba yeye, na siku hizi nikifika hunipa jojo, tena kwa kejeli kidogo.

*Mchangiaji wa tatu:* Mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu ulivunjika baada ya kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, kuhama na fedha za zamu ambazo hazijatolewa. Tangu hapo, nikishika fedha nanunua bati au saruji siku hiyohiyo, na mume wangu anasema sina subira.

*Mwanzisha mada:* Dada, hiyo ni hesabu, si papara. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa mwaka 2013, watoto walioahidiwa vifaa vya kuchorea na mtu mzima akatimiza ahadi waliweza kusubiri peremende kwa wastani wa dakika 12, na walioahidiwa wakanyimwa walisubiri dakika tatu tu. Naomba wenye michezo iliyodumu watueleze kijumbe wao hupatikanaje, na kama hubadilishwa kila mzunguko unapokwisha.